Agatha na Matanga ya Namatete

Asubuhi za kipupwe Namatete haionekani. Kuna ukungu mweupe tu uliolala bondeni, na mtu akisimama ukingoni unamwona kuanzia kiunoni kwenda juu, utadhani miguu ameisahau nyumbani. Hivyo ndivyo ninavyomwona jirani yangu Agatha kila siku nikitoka kufagia uwanja. Anasimama pale, kitambaa cheusi kichwani, mikono nyuma, anasikiliza. Ukimwita haitiki mara ya kwanza. Ukimwita tena anageuka polepole, anakutazama kwa macho ya mtu aliyetoka usingizini, halafu anatabasamu na kusema, "Mama Hamudi, kumekucha?" Kumekucha! Mimi hapo nimeshapika chai, nimeshagombana na mume na tumeshapatana.

Sisi tunakaa chini ya ukingo wa Makonde, upande wa Masasi. Ukija kwa bodaboda kutoka Chiungutwa unaweza kukipita kijiji chetu ukiwa unapiga chafya. Juu yetu, ukipanda ule mlima, ni Newala: Makote na vijiji vyake, mikorosho mpaka macho yachoke, lakini maji ya shida. Maji yako kwetu. Namatete ni bonde la matete na tope, na kichwani mwake kuna chemchemi ambako watu wa juu hushuka na madumu wameyafunga kwenye baiskeli.

Miaka yote niliyoijua, chemchemi ile ikifika mwezi wa kumi ilikuwa inakohoa tu. Unakinga ndoo, unaimba nyimbo zote unazozijua, ndoo haijajaa. Sababu tuliijua, na hatukutaka kuisema. Kila kiangazi tulichoma matete, tukachimba mifereji ya kutoa maji ili tope likauke, tukapanda mchicha na nyanya. Tuta langu mimi lilikuwa mle, na lilikuwa zuri, sioni haya kusema. Watu wa mazingira waliwahi kuja wakasimamisha bango la kukataza. Bango halikudumu. Likawa mlango wa banda la mbuzi, tena mlango imara kwelikweli.

Bonde lenyewe ni la ukoo wa kina Agatha. Kwetu ardhi humfuata mama, kwa hiyo Namatete ilikuwa ya bibi yake, ikawa ya mama yake, Bi Dominika, na msemaji wake ni mjomba wao Benedikto, mdogo wake Bi Dominika. Mama na mtoto wote walikuwa wafinyanzi. Udongo wa Namatete ni mweusi, unanata vidoleni, na chungu chake hakipasuki kikichomwa. Bi Dominika alikuwa mkali na mwepesi, Agatha mpole na mzito. Mama alikuwa anamaliza vyungu vitatu, binti bado anakizungusha kimoja mikononi huku anamtazama ndege mdiria juu ya tete. Mume wa Agatha alifariki zamani, akamwachia mtoto mmoja wa kike, Happiness. Nyumba yao ilikuwa ya wanawake watatu na moshi wa kuchomea vyungu, na mimi niliipenda, maana haikuwa na kelele kama yangu.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, Bi Dominika alifariki. Sasa ujue, Wamakonde na Wayao ni watani, na msiba usio na mtani kwetu ni kama haujatimia. Wengine wanalia, mtani kazi yake ni kuchekesha. Mtani wa ukoo ule ni mzee Bwanali, Myao wa Chiungutwa, fundi wa baiskeli, mwembamba, mdomo hauna breki. Siku ya maziko alijitwika chungu cha marehemu, akaiga mwendo wake, akatukana kwa sauti kama ya marehemu, mpaka watu waliokuwa wanalia wakaanza kushika mbavu. Kisha akachukua kanga ya marehemu, akaenda nayo bondeni, tukamfuata. Akaifunga kutoka tete mpaka tete, pale njia inapoingia Namatete.

"Ajuza huyu kanikimbiza na mwiko tangu ujana wangu," akasema. "Leo kalala, nimepata nafasi. Namatete naifunga! Chemchemi chukueni, nisije nikafa na kiu mwenyewe. Lakini humu ndani haingii ntu, haingii jembe, haingii moto, mpaka nipewe jogoo mwekundu. Na ntoto wake ndiye anipe, kwa nkono wake, siku atakayokuwa amemaliza kulia. Siyo nkono wa mjomba wake, huyo mwizi!"

Tukacheka. Mambo hayo ni ya kawaida. Mtani hufunga kitu, wafiwa hukikomboa siku ya arobaini, matanga yanaanuliwa, na maisha yanaendelea. Hapa kijijini kwetu jambo ni moja tu: mtani akifunga, mtani ndiye anayefungua. Ukifungua mwenyewe ni kama umemwambia marehemu kwamba msiba wake ulikuwa mchezo wa watoto.

Arobaini ikafika, Bwanali akaja na njaa yake. Mzee Benedikto, kwa haraka zake, hakuwa ametafuta jogoo, akampa Agatha kuku wa kwanza aliyemkamata, amkabidhi. Bwanali akampokea, akamgeuza juu chini.

"Huyu anataga," akasema. "Nilisema jogoo. Benedikto, ndiyo maana mpaka leo huna nke, hujui kutofautisha!"

Watu wakaangua kicheko, Bwanali akamrudisha kuku, akala wali, akaondoka. Tulijua atarudi wiki ijayo. Lakini msimu wa korosho ulikuwa umekaribia, akapanda kwenda Tandahimba kutafuta kazi ya kubeba magunia ghalani, na huko akakutana na mjane mmoja mwenye mikorosho yake na mapishi mazuri. Bwanali hakurudi.

Mzee Benedikto akampigia simu, akaweka sauti kubwa tusikie wote.

"Bwanali, njoo ufungue. Jogoo tunaye."

"Nitakuja."

"Basi tamka tu hapohapo kwenye simu, ntoto wa marehemu anakusikia."

"Wee Benedikto! Jogoo anapita kwenye simu? Nilifunga kwa nkono, nitafungua kwa nkono."

Akacheka mpaka salio likaisha.

Nilikasirika, nasema kweli. Nilimkasirikia Bwanali, nikaikasirikia kanga, nikamkasirikia hata marehemu, Mungu amrehemu. Mchicha wangu! Kiangazi chote tulikaa ukingoni na majembe yetu tukitazama kile kitambaa kinavyopepea, watu wazima, na hakuna aliyethubutu kuinama apite chini yake. Aliyeumia zaidi ni Agatha mwenyewe. Udongo wake ulikuwa mle ndani. Ikabidi aende bonde la mbali kuchimba udongo mwekundu usio na adabu. Vyungu vyake vilipasuka motoni, kimoja baada ya kingine, pa, pa, na yeye ameketi pembeni anasikiliza. Na kwa kuwa matanga ya mama yake hayajaanuliwa, alibaki mfiwa: kitambaa cheusi, hasuki nywele, hachezi ngoma, hapigi kigelegele.

Basi Namatete ikaachwa. Sijui niseme nini juu ya mwaka ule, maana hakuna siku ambayo kitu kilitokea. Matete hayakuchomwa, yakasimama, yakauita ukungu, na ukungu ukakaa mpaka jua la saa nne. Mifereji yetu ikajiziba. Mvua zikaja, maji yakaingia na hayakutoka. Usiku ukilala ulisikia vyura mpaka ndotoni, na asubuhi hukujua kama umeamka au bado. Yangeyange wakaja, weupe, wakasimama majini wakijitazama. Kambale wakarudi. Kenge mkubwa akawa anaota jua mbele ya kanga yenyewe, kwa dharau. Na mwezi wa kumi uliofuata chemchemi haikukohoa. Mama mmoja wa Makote alijaza dumu lake, akaketi juu yake, akaanza kucheka peke yake. Nilimwuliza anacheka nini, akasema hajui.

Kabla ya hapo kidogo, mwishoni mwa mwezi wa nane, ndipo walipokuja vitwitwi. Ndege wadogo wa kahawia, miguu mirefu, wanakimbia topeni huku wanatikisa mkia, hawatulii. Zamani tuliwaona wawili watatu wakipita. Safari hii walishuka kundi zima. Happiness alisikia kipindi redioni, akaja kutusimulia tukiwa tunachambua choroko uani kwao.

"Hawa wanazaliwa Asia, mama. Mbali huko kaskazini, kwenye mabwawa na matope kama haya. Baridi ikianza wanaruka mpaka huku. Njiani wanatua kwenye mabonde ya maji. Lakini wanasema huko mabonde mengi yanafukiwa, yanajengwa, yanalimwa. Wasipopata pa kutua wanakufa."

Agatha aliacha kuchambua.

"Huko Asia kuna matete?"

"Yapo."

"Na watu wapo?"

"Wamejaa, mama."

"Basi kuna mama mmoja," Agatha akasema.

"Mama gani?"

"Mwenye bonde. Hawa wamekuja wengi, maana yake kuna bonde halikulimwa. Na bonde halikosi mama."

Mimi nilicheka mpaka choroko zikamwagika. Lakini yeye hakuwa anatania. Tangu siku hiyo akawa na mwenzake huko Asia. Ukimkuta ukingoni asubuhi na ukungu umemfika kiunoni, ujue yuko na huyo mama. Aliniambia anamwona amevaa kofia pana ya majani, kama ile ya picha ya kalenda dukani, na ana magoti yanayouma. Aliniuliza siku moja, kwa dhati kabisa, kama wakikutana ni yeye atakayemwamkia shikamoo au ataamkiwa yeye, maana umri wa huyo mama haujulikani. Nikamwambia amwamkie tu, heshima haiozi.

Nilidhani ni upweke. Sasa nafikiri ilikuwa furaha, ila yeye furaha yake haina sauti.

Happiness akapata mchumba, kijana mpole wa Masasi mjini, na harusi ikapangwa mwezi wa kumi na mbili, korosho zikishauzwa. Hapo mambo yakachemka. Mama wa bibi harusi hawezi kuwa mfiwa. Nani atamtoa binti nje kwa ngoma? Nani atapiga kigelegele cha kwanza? Lazima matanga yaanuliwe. Mzee Benedikto akapanda mwenyewe Tandahimba, akamtafuta Bwanali mpaka jikoni kwa mke wake mpya, wakashuka pamoja.

Ilikuwa alasiri, mwezi wa kumi. Kijiji kizima kilikuwa ukingoni, na majembe begani, na mimi na langu. Matete yalikuwa makavu juu na mabichi chini, wenye viberiti walikuwa tayari. Bwanali alikuwa amenenepa, kanzu safi, anachechemea kidogo. Mzee Benedikto alimtia Agatha jogoo mikononi, jogoo mwekundu wa kweli safari hii, ana upanga kichwani na hasira machoni.

"Haya, Mama Happiness," Bwanali akasema. "Nimekuja. Mmakonde hana haraka ya kulipa, lakini nimekuja. Umemaliza kulia?"

Huko ndani ya matete vitwitwi walikuwa wanaitana, sauti nyembamba, fiiu, fiiu. Agatha alimshika jogoo vizuri, akamlaza kifuani. Akatazama bondeni.

"Sijamaliza," akasema.

"Umesemaje?" mjomba akauliza.

"Shikamoo mjomba, nisamehe. Bado namlilia mama yangu."

"Mwaka na zaidi! Agatha! Na harusi ya ntoto je?"

"Harusi itafungwa. Mimi nitakaa nyuma ya nyumba."

Kelele ikalipuka. Mzee Benedikto alipiga mguu chini, akasema nchicha wa harusi aliutarajia kutoka bonde hili, akasema ukoo umeaibika, akasema mengi. Lakini ni nani anaweza kumnyang'anya mfiwa machozi yake? Hata mwenye hasira zake anajua hilo. Heri lawama kuliko laana. Tulimtazama Bwanali, maana neno lilikuwa lake. Bwanali alimkodolea macho Agatha, kisha matete, kisha wale ndege.

"Basi," akasema mwisho, "kama wewe hujamaliza kulia, na mimi sijamaliza kucheka."

Kanga ya marehemu ilikuwa imeoza, imebaki nyuzi. Akavua shuka aliyojitanda begani, zawadi ya mke wake wa Tandahimba, akaifunga pale pale, fundo juu ya fundo. "Nkamlishe huyo jogoo anenepe. Nitauliza tena mwakani." Akapanda bodaboda, akaondoka bila hata kula, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Nilibaki na Agatha pale ukingoni na jembe langu. Nikamwuliza kama kweli bado analia, au amewadanganya watu kwa ajili ya ndege.

"Mama Hamudi, sidanganyi. Nikisimama hapa asubuhi namsikia mama. Wakilima, nitamsikia wapi?" Kisha akasema, polepole, "Na yule mwenzangu wa huko amewatunza, akanitumia. Wafike hapa wakute moto?"

Mimi nilirudi nyumbani, nikaliweka jembe. Kule nyumbani kwao hakukuwa na amani. Nilisikia kupitia ukuta, na sikujizuia kusikia.

"Umechagua ndege, mama. Ndege! Mimi ninaolewa mara moja tu."

"Wewe, mwanangu, unakwenda mjini, utafungua bomba maji yatoke. Hawa wa hapa na wa kule juu wana Namatete tu."

"Sitaki kusikia habari za Namatete. Nataka mama yangu anishike mkono watu wakiona."

Tangu siku ile Happiness aliongea na mama yake kwa salamu tu, shikamoo na marahaba, mpaka harusi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilimwona Agatha akiuchukua, asubuhi baada ya asubuhi, kule kwenye ukungu, na nilikuwa nimemkasirikia na ninamhurumia kwa wakati mmoja.

Siku ya harusi ilikuja na mvua nyepesi ya asubuhi. Kanisani Agatha alikwenda, akakaa benchi la mwisho. Tuliporudi, ngoma ikaanza uwanjani mbele ya nyumba. Mimi ndiye niliyemshika Happiness mkono kumtoa nje, na ni mimi niliyepiga kigelegele cha kwanza. Sauti yangu ni kubwa, wote wanajua, lakini siku ile ilinitoka na kutu. Kila aliyekuwepo alijua kigelegele kile si changu.

Nikaenda nyuma ya nyumba kumtazama. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kitambaa cheusi kichwani, karibu na jiko la nje ambako wali ulikuwa unaungua chini na hakuna aliyejali. Kutoka mbele ilikuja ngoma, kutoka bondeni walikuja vyura, na yeye katikati, vidole vyake vinapiga mdundo gotini bila yeye mwenyewe kujua. Nikamwambia aje hata achungulie. Akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, na hakuyafuta.

Hapo ndipo Happiness alipotokea kwenye kona ya nyumba. Gari la kumpeleka Masasi lilikuwa linamsubiri, shela ameikusanya mkononi isiguse matope, na nyuma yake wifi zake wanamwita. Alisimama akamtazama mama yake. Nilidhani amekuja kusema neno baya la mwisho, nikajiandaa kumkemea. Akaiachia shela ikaanguka kwenye tope, akapiga magoti pembeni ya mkeka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Kisha Happiness akainua kichwa, akafungua kinywa, akapiga kigelegele. Bibi harusi hapigi kigelegele, hupigiwa, na wifi zake walishika midomo kwa mshangao. Yeye alipiga kirefu, chembamba, chenye nguvu, akimtazama mama yake usoni, mpaka ngoma ya mbele ikanyamaza kusikiliza. Agatha alimshika kichwa kwa mikono yote miwili, mikono ya mfinyanzi, akakaa hivyo mpaka pumzi ya mtoto ilipokwisha. Kisha tukamsaidia bibi harusi kupanda gari, na shela yake yenye tope.